Nyaya za Eropleni ya Kuundwa Nyumbani: Majibu kwa Wasomaji wa Nachingwea na Ruangwa

Katika barua zilizotufikia kutoka wilaya za Nachingwea na Ruangwa zimo kadhaa ambazo mhariri mwenye haraka angaliziweka kando kwa kudhani ni mzaha, maana waandishi wake, ambao ni vijana wa gereji na mafundi wa umeme wa jua, wauliza namna ya kuchagua nyaya na kupanga umeme wa eropleni waikusudiayo kuiunda kwa mikono yao. Mimi, niliyepata riziki yangu kwa kufunga na kufungua nyaya za ndege ndogo, sioni mzaha ndani yake. Nachingwea ni mji uliokuzwa na mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukavunjika 1951, na una kiwanja chake cha ndege. Morogoro ipo kampuni ya Airplanes Africa Limited, iunganishayo eropleni za watu wawili ziitwazo Skyleader 600. Na habari za fundi wa Tunduma aliyeunda helikopta gerejini mwake zilisomwa nchi nzima. Shauku ya kuruka imo nchini tayari, wala si kazi yangu kuizima.

Swali (fundi wa umeme wa nyumba, Nachingwea mjini): Shikamoo fundi. Ninazo roli za waya zilizosalia katika kazi za majumbani, shaba tupu, nene na safi. Kwa nini zisifae katika eropleni?

Jibu: Marahaba. Hazifai, na sababu moja i katika shaba yenyewe, nyingine i katika ganda lake. Waya wa nyumba aghalabu ni uzi mmoja wa shaba, au nyuzi chache nene, uliokusudiwa kulala ukutani miaka mingi bila ya kuguswa; ilhali waya wa eropleni hutikiswa na injini tangu inapowashwa hadi inapozimwa, na shaba ya uzi mmoja ikitikiswa hivyo hapo inapoingia kwenye skrubu hukakamaa, kisha hukatika ndani ya ganda, mahali jicho lisipofika. Ndiyo maana wenye kazi hii hutumia waya wa nyuzi 19 nyembamba zilizosokotwa pamoja, kila uzi umevikwa utando wa bati jeupe. Huko kwenu utando huo ni faradhi kuliko kwingineko, kwa kuwa msimu wa kupuliza mikorosho ukifika, unga wa salfa huingia penye upenyo wowote, na salfa na shaba hazipatani: menya waya uliolala msimu mzima katika stoo moja na mifuko ya salfa, utaiona ncha yake, badala ya wekundu wa shaba, ina weusi kama wa masizi ambao kisu huukwangua kwa taabu, na kiungo chochote utakachokifunga juu ya weusi huo kitapata moto.

Ama ganda, hilo la plastiki ya PVC limekadiriwa kwa joto la nyuzi 70 za Selsiasi, na likiungua hutoa moshi wenye asidi uchomao macho na mapafu ya rubani asiye na dirisha la kukimbilia. Ganda la Tefzel, lililo juu ya waya ujulikanao na wauzaji kwa namba M22759/16, hustahimili nyuzi 150 na volti 600, wala haliwaki kwa wepesi. Msidhani kuwa hadhari hii ni ya wanagenzi tu: tarehe 2 Septemba 1998 ndege kubwa ya Swissair, safari namba 111, ilianguka baharini karibu na pwani ya Kanada na watu 229 wakafa wote, na wachunguzi wakaona kwamba yumkini moto ulianzia kwenye cheche za waya juu ya dari, karibu na chumba cha marubani, ukasambazwa na vifuniko vya kuzuia joto vilivyowaka upesi. Uza roli zako kwa wajenzi wa nyumba.

Swali (mwanafunzi wa ufundi, Ruangwa): Unene wa waya nitaujuaje? Fundi mmoja aniambia nichukue mnene kwa kila kitu, nitakuwa salama.

Jibu: Utakuwa salama na hutaruka, kwa uzito. Kadiria mambo mawili: waya usipate moto, na volti zisipotee njiani. Katika mtambo wa volti 12, kifaa kinachofanya kazi mfululizo kisipoteze zaidi ya nusu volti kati ya betri na chenyewe. Kinachofanya kazi kwa dakika chache chaweza kupewa volti moja. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha 0.0172 kwa urefu wa waya katika mita, kwenda na kurudi, kisha gawanya kwa eneo la shaba katika milimita za mraba, upate ukinzani wake. Ukinzani huo uuzidishe kwa ampea.

Tuseme taa ya kutulia ni ile ya wati 55, ivutayo kama ampea 4.6, nayo i bawani mita nne kutoka kwenye betri, basi njia nzima ni mita nane. Kwa waya namba 20, ambao shaba yake ni kama nusu milimita ya mraba, utapoteza volti 1.2, na taa itakuwa hafifu wakati uihitajipo kupita wakati wowote. Kwa waya namba 16, wenye milimita 1.3, upotevu washuka mpaka nusu volti. Lakini kabla hujaununua huo mnene, nunua taa ya LED ivutayo ampea moja na nusu, nawe waweza kurudi kwenye waya mwembamba ukapoteza volti 0.4 tu. Ikiwa mwili wa eropleni ni wa alumini, umeme waweza kurejea kwa bodi kama katika gari, na nusu ya waya ikaokolewa. Ukiwa wa mbao au wa faiba, kila kifaa sharti kiwe na waya wake wa kurudi, na nyaya hizo zote zikutane mahali pamoja, ama sivyo redio itaguna kila injini inguruapo.

Swali (Nachingwea): Volti 12 au 24?

Jibu: 12. Volti 24 hupunguza mkondo kwa nusu, jambo lenye faida katika ndege kubwa zenye nyaya ndefu. Katika eropleni ya watu wawili faida hiyo haionekani hata mizanini, na taa, rilei na betri za volti 12 huuzwa katika kila duka la vipuri vya magari.

Swali (fundi gereji, Ruangwa): Bwana mhandisi, nina injini ya gari dogo, ya sindano za petroli, nimeifungua na kuifunga tena mpaka yanguruma vizuri. Nataka kujua: betri ikifa angani, mambo yatakuwaje?

Jibu: Swali hili lingalitangulia yote, kwani umeme wa eropleni hupangwa kuanzia kuharibika kwake. Wengi huanza na kile wakitakacho, redio hii na kioo kile, kisha hutafuta pa kupitisha nyaya. Mimi nakunasihi uanze na karatasi, uchore kila waya, na juu ya kila mmoja uandike jibu la suala moja tu: huu ukikatika nami niko juu ya miombo baina ya Nachingwea na Liwale, kuna nini kitakachozima?

Injini hazilingani katika jambo hili. Rotax 912 ya kabureta, ambayo ndiyo iliyozoeleka katika eropleni ndogo, ina njia mbili za kuwasha plagi, kila moja ikipata umeme wake kutoka ndani ya injini, na pampu yake ya petroli huendeshwa na injini yenyewe. Betri yake waweza kuitupa nje nayo isijue. Injini za zamani zenye magneto ni hivyo hivyo. Rotax 912 iS, ambayo ina sindano za petroli na kompyuta, haiwezi kuishi bila umeme, na kwa sababu hiyo wenyewe walioiunda wameitia jenereta mbili ndani. Injini yako ya gari, bwana, inahitaji umeme kama hiyo iS bila ya kuwa na kinga zake: pampu, sindano, koili na kompyuta vyote vyanywa kwenye betri moja kwa kupitia swichi moja ya ufunguo, na barabarani si kitu, kwa sababu gari likizima husukumwa kando.

Ikiwa umeshikilia kuitumia, basi ipe betri mbili, na pampu mbili, kila pampu na waya wake, swichi yake na fyuzi yake. Fauka ya hayo, nyaya za injini zisipite kwenye swichi kuu, bali zitoke kwenye betri moja kwa moja. Sababu yake ni hii: siku utakaponusa moshi, jambo la kwanza utakalolifanya ni kuizima swichi kuu ili kuua kila waya uliomo mbele yako, na msiba ulioje ikiwa kwa kuuzima moto umeizima na injini.

Vifaa vilivyosalia vigawe mafungu mawili. Mmarekani Bob Nuckolls, ambaye maandishi yake yamewafunza waundaji wengi wa eropleni duniani, amehimiza fungu dogo la vile ambavyo rubani hawezi kuvikosa mpaka atue, lenye njia yake ya pili kutoka kwenye betri. Kama altaneta imekufa na fungu hilo lavuta ampea 4, na betri yako ni ya ampea-saa 17, nawe kwa uangalifu wahesabu robo tatu tu ya ukubwa wake, basi unazo saa tatu na ushei. Mimi si rafiki wa vioo vya kompyuta katika eropleni ya mtu ya kwanza. Kila kioo ukiongezacho chazipunguza saa hizo.

Swali (Nachingwea): Fyuzi ikiungua kila mara, si bora nitie nene?

Jibu: Fyuzi hailindi kifaa, yalinda waya. Waya namba 22 upe ampea 5, namba 20 upe 7.5, namba 18 upe 10, na uiweke fyuzi karibu na chanzo cha umeme, siyo karibu na kifaa. Inayoungua kila mara inakuonyesha mahali waya umechubuka, na aghalabu ni pale unapopita kwenye tundu la bati bila mpira.

Swali (Ruangwa): Viungo nivibane kwa koleo au nitie lehemu?

Jibu: Bana, lakini kwa koleo la meno lisiloachia mpaka limefika mwisho wa kubana, si kwa pilasi. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzigeuza kipande kimoja kigumu, na pale ugumu unapokwisha ndipo mtikisiko ukatapo. Kiungo cha kwanza cha kila saizi kivute kwa nguvu. Kikitoka, koleo hilo si lako.

Swali (mama mmoja, Ruangwa): Salaam aleikum, mwalimu. Mwanangu aunda eropleni uani kwetu na baba yake ataka aivunje. Nimzuie au nimwache?

Jibu: Waleikum salaam, mama. Mwache aunde, umzuie kuruka, mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga iwe imeikagua na kumpa karatasi zake; na barua kwa Mamlaka aipeleke sasa, nyaya zingali wazi, kwa kuwa mkaguzi hawezi kukagua kilichokwisha funikwa. Wakati akingoja, na aifunge eropleni kwa kamba imara, atie vizuizi magurudumuni, awaweke watoto mbali na rafadha, kisha awashe injini na kuizima swichi kuu: sauti ya injini isibadilike. Baada ya hapo aizime injini, awashe vifaa vyote kwa betri, achomoe fyuzi moja moja, akiandika daftarini. Mwambie akuonyeshe daftari hilo. Hata asiyejua umeme aweza kulisoma: safu ya kwanza ni jina la fyuzi, ya pili ni kile kilichotarajiwa kuzima, ya tatu ni kile kilichozima, na maadamu upo mstari mmoja ambao ya pili na ya tatu hazilingani, baba yake ana haki ya kulifunga lango.