Video na Sauti Darasani: Mashine Haifundishi Peke Yake



Kamati za parokia hutuuliza: je, tuchangishe fedha za kununua projekta ili watoto wa shule ya msingi wajifunze kwa video za intaneti? Katika somo hili tunaeleza mambo ya kupima kabla ya kutoa fedha.

1. Fundisho la redio

Katika miaka ya 1970, nchini Nicaragua, watoto walifundishwa Hisabati kwa redio. Katika miaka ya 1980, nchini Kenya, njia hiyo ilitumika kufundisha Kiingereza. Jambo kubwa lilikuwa ukimya. Msemaji aliuliza swali, akanyamaza kidogo, darasa zima likajibu, ndipo akatoa jibu sahihi. Video nyingi hazina nafasi hiyo. Huendelea tu, aliyeelewa na asiyeelewa. Nafasi hiyo lazima aiweke mwalimu.

2. Namna ya kutumia

Kabla ya kipindi: Mwalimu aitazame video yote, achague dakika tano zinazolingana na mada. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, zinafundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili.

Wakati wa kipindi: Asimamishe video kabla ya jibu kutolewa. Kwa mfano, katika mada ya sehemu, aulize: "Chungwa moja likigawanywa sawasawa kwa watoto wanne, kila mmoja atapata sehemu gani?" Watoto wajadiliane wawili wawili na kuandika, ndipo video iendelee.

Baada ya kipindi: Kila mtoto afanye zoezi kwenye daftari lake, nalo lisahihishwe.

3. Gharama

Si lazima intaneti ifike darasani. Somo hupakuliwa mara moja penye mtandao mzuri na kuhifadhiwa kwenye kadi ya simu. Sauti ya dakika 10, iliyorekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, huchukua megabaiti 5 hivi. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde huchukua zaidi ya megabaiti 37. Hadithi, nyimbo na matamshi hazihitaji picha; spika ya kuchaji inatosha, mradi watoto wa nyuma wasikie. Video tuitumie pale ambapo jicho linahitajika, kama vile mbegu inavyoota au moyo unavyosukuma damu.

Projekta inayofungiwa stoo kwa sababu mwalimu hakuandaliwa ni sadaka iliyopotea. Kwa hiyo tunawaomba wanaochangia vifaa wachangie pia mafunzo ya walimu.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Je, mwalimu ana muda na mahali pa kuandaa somo?
- Nani atatunza vifaa na kuvichaji, na ufunguo utakaa kwa nani?
- Tutajuaje, mwisho wa muhula, kwamba watoto wameelewa zaidi?

Majibu yakipatikana, ndipo tununue.