Nozeli, Waya na Kontroboksi: Istilahi za Ufungaji wa Tabo katika Gereji ya Izigo

1.0 Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu uundaji wa istilahi za Kiswahili imejikita katika asili ya neno: je, tutohoe, tutafsiri, au tukope kutoka lugha nyingine za Kibantu? Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, swali hilo limezaa hoja nyingi na orodha ndefu za maneno. Makala haya yanauliza swali jingine: istilahi isiyotosheleza inamwingiza nani hasarani, na kwa njia gani? Tunadai kwamba istilahi ya kiufundi hupimwa kwanza kwa uwezo wake wa kutenganisha vitu ambavyo fundi akivichanganya ataharibu kazi. Asili ya neno ni jambo la pili.

Mfano wetu unatoka Izigo, kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Huko mwandishi alishuhudia gari la petroli la ndugu yake likifungiwa tabo katika gereji ya kando ya barabara. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili kilichochanganyika na Luhaya, lakini majina ya vipuri yalibaki yale yale katika lugha zote mbili. Kazi ilikwisha kwa kontroboksi kuungua. Mfano mmoja hauwezi kuthibitisha hali ya gereji zote. Hata hivyo, unatosha kuonyesha mahali ambapo lugha na umeme vinakutana.

2.0 Kazi Yenyewe

Tabo ni kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka katika injini, nacho husukumia hewa zaidi ndani ya silinda. Kivutio chake katika nyanda za Kagera si vigumu kukielewa. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya nane. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kiasi hicho hicho.

Hewa ikiongezwa, petroli nayo haina budi kuongezwa. Kwa kuungua kikamilifu, gramu moja ya petroli huhitaji gramu 14.7 za hewa. Injini yenye tabo, inapobeba mzigo mzito, kwa kawaida hupewa petroli zaidi, hata ikafikia gramu moja kwa gramu 12 za hewa au pungufu. Petroli isipotosha, mchanganyiko hulipuka ovyo na pistoni huweza kuyeyuka.

Muda wa kumwaga petroli hiyo ni mfupi. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hukamilisha mizunguko miwili, yaani duru moja ya kazi, kwa milisekunde 20. Kama nozeli ya awali hukaa wazi kwa milisekunde 16, basi hewa ikiongezeka kwa nusu itahitaji milisekunde 24, muda ambao haupo. Kwa hiyo hutafutwa nozeli kubwa zaidi, kontroboksi inayozielewa nozeli hizo, na nyaya hupangwa upya.

3.0 Nomino: Nozeli na Kifaa Kisicho na Jina

Yaelekea neno nozeli liliingia gerejini kwanza kwa malori ya dizeli. Nozeli ya dizeli ya jadi hufunguliwa na kanieneo ya mafuta yenyewe, haina waya. Nozeli ya petroli, aina iliyoanza kuenea baada ya kampuni ya Bosch kutoa mfumo wake wa kielektroniki mwaka 1967, hufunguliwa na sumaku ya umeme. Neno lilihama kutoka kifaa hadi kifaa bila kubeba dhana ya umeme. Matokeo yake ni kwamba fundi huuliza ukubwa wa nozeli, lakini hana neno la kuulizia ukinzani wake.

Ukinzani ndio uliokuwa na uamuzi. Nozeli za awali za gari hilo zilikuwa na ukinzani wa omu 12. Zilizonunuliwa zilikuwa na omu 2. Kwa volti 12, nozeli ya kwanza hupitisha mkondo wa ampea 1, ya pili ampea 6. Magari yanayotumia nozeli za aina hii ya pili huwa na namna ya kuudhibiti mkondo. Katika gari lililotoa vipuri hivyo, kazi hiyo ilifanywa na kijisanduku chenye vikinzani, kilichofungwa pembeni mwa injini. Kikinzani cha omu 6 kikiongezwa, jumla huwa omu 8 na mkondo hushuka hadi ampea 1.5.

Muuza vipuri aliombwa "nozeli na kontroboksi", naye akatoa nozeli na kontroboksi. Kijisanduku kilibaki kwake kwa sababu hakikuwa na jina, na kisicho na jina hakiagizwi. Huu ni ushahidi wa hoja yetu ya msingi: pengo la msamiati lilikuwa pengo katika orodha ya manunuzi, kisha likawa pengo katika saketi.

4.0 Idadi: Waya au Nyaya?

Nomino waya ina mwenendo wa aina mbili. Wapo wanaosema "waya hii, waya hizi", wakiiweka katika ngeli ya I-/ZI-. Na wapo wanaosema "waya huu, nyaya hizi", wakiichukulia w- ya mwanzo kuwa kiambishi ngeli. Wanasarufi wengi wameutazama mwenendo wa pili kama mfano wa kuvutia wa uchanganuzi upya wa neno la mkopo. Gerejini una thamani zaidi ya hiyo.

Fundi alimwambia mwanafunzi wake, "Chukua waya, unga kwenye nozeli." Sentensi hiyo haina kiambishi chochote cha upatanisho kinachoonyesha idadi, si ya waya wala ya nozeli. Mwanafunzi aliuliza, "Zote, fundi, au moja moja?" Swali lilikuwa la kisarufi na la kiufundi kwa wakati mmoja. Kuna mifumo ambayo nozeli zote hufunguliwa kwa pamoja kwa waya mmoja wa kontroboksi, na ipo ambayo kila nozeli ina waya wake na hufunguliwa kwa zamu. Aliyezoea kusema nyaya hulazimika kuchagua kati ya umoja na wingi kabla hajatoa amri. Aliyezoea waya kwa yote mawili anaweza kuliacha suala hilo wazi.

5.0 Kitenzi: Kutuma au Kuunga?

Fundi alieleza pia: "Kontroboksi ndiyo inayotuma umeme kwenye nozeli, mwanangu." Usemi huu umeenea, nao unapotosha. Katika mfumo wa kawaida, upande chanya huifikia nozeli kutoka betri kupitia swichi. Kontroboksi huunga tu waya wa pili na upande hasi, mkondo ukapita na nozeli ikafunguka; kisha huikata njia hiyo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa kitenzi tuma atatafuta chanya mahali pasipostahili. Akiupeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye waya wa kontroboksi ili "aisaidie", kontroboksi itakapounga njia, mkondo utapita bila nozeli ya kuuzuia, na transista itaungua.

Kitenzi funga nacho hakifai. Saketi ikifungwa, nozeli hufunguka. Saketi ikifunguliwa, nozeli hufungika. Mwalimu atajikuta akisema mambo mawili yanayopingana kwa mzizi mmoja. Kuunga na kukata njia havina utata huo.

6.0 Hitimisho

Tunapendekeza nozeli na kontroboksi yabaki, kwa kuwa yamekwisha kukubalika. Kuyabadili ni kuongeza pengo kati ya kamusi na gereji. Juu yake zijengwe istilahi zinazotofautisha: nozeli ya ukinzani mkubwa na nozeli ya ukinzani mdogo, kikinzani cha nozeli, mfumo wa pamoja na mfumo wa zamu, waya kwa umoja na nyaya kwa wingi, kuunga njia na kukata njia. Neno ukinzani limekwisha kuzoeleka katika fizikia ya Kiswahili. Linalohitajika ni kulifikisha gerejini, na vyuo vya ufundi stadi vilivyo chini ya mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 vinaweza kuwa daraja hilo.

Hali kadhalika, wakusanyaji wa istilahi hawana budi kwenda gerejini, si kwa ajili ya kuorodhesha maneno yaliyopo tu, bali kusikiliza pia mahali ambapo fundi ananyoosha kidole kwa kukosa neno. Gari la Izigo lilitengenezwa tena baada ya kijisanduku kile kupatikana. Kabla ya hapo ilibidi mtu arudi kwa muuza vipuri na kukichora kwenye karatasi.