Kigezo Kabla ya Hukumu: Mjadala wa Mashabiki wa Genesis

Mashabiki wa Genesis, bendi ya Uingereza iliyovuma kwa roki ya tungo ndefu na changamano, wamegawanyika makundi mawili. La kwanza hushikilia kwamba bendi ilikufa kisanaa mwaka wa 1975 Peter Gabriel alipoondoka, na mpiga ngoma, Phil Collins, akawa mwimbaji mkuu. La pili huona kwamba ilikomaa.

Kazi zenyewe zasemaje? Katika Foxtrot (1972), "Supper's Ready" huchukua takriban dakika 23. "Invisible Touch" (1986) haufiki dakika nne. Hata hivyo, A Trick of the Tail (1976), albamu ya kwanza baada ya Gabriel, ina "Dance on a Volcano", uliojengwa hasa juu ya mapigo saba badala ya manne yaliyozoeleka. Aidha, albamu ya Invisible Touch ina "Domino", unaozidi dakika kumi. Isitoshe, ngoma za Foxtrot alizipiga Collins yuyo huyo. Kwa hivyo, kuondoka kwa mtu mmoja hakutoshi kueleza mabadiliko ya fani.

Kiini cha mgogoro ni vigezo: kundi moja hupima uchangamano wa muundo, jingine mvuto wa wimbo mfupi. Mhakiki asiyetaja kigezo chake hahakiki; hushabikia tu.