Mtoto Wako na Kihispania Shuleni

Kijitabu kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani

Mzazi, huenda umeletewa fomu ya shule inayouliza kama unataka mtoto wako aingie darasa la lugha mbili, Kiingereza na Kihispania. Mzazi aliyetoka Kivu, Kongo, akapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, anaweza kuandika "hapana" palepale: mtoto hata Kiingereza hajakijua, atabebeshwaje lugha nyingine? Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, tunakuomba usome kurasa hizi kabla ya kuirudisha fomu.

Yalikoanzia

Baada ya mapinduzi ya Kuba ya 1959, maelfu ya familia zilikimbilia Florida. Mwaka 1963, shule ya msingi ya Coral Way mjini Miami ikaanza kuwasomesha pamoja watoto wa Wakuba hao na watoto waliokua wakizungumza Kiingereza, masomo yakifundishwa kwa lugha zote mbili. Kwa hiyo mpango huu tangu mwanzo ulihusu watoto wa wakimbizi. Baadaye ulipata misukosuko: wapiga kura wa California waliubana mwaka 1998, wakaufungulia tena mwaka 2016.

Uliza ni Kihispania cha namna gani

Neno "Kihispania" kwenye ratiba linaweza kuwa na maana ya nusu saa kwa wiki ya nyimbo, rangi na namba. Kipindi hicho humzoesha mtoto matamshi, lakini hakitamfanya aimudu lugha. Darasa la lugha mbili ni jambo jingine kabisa, kwani humo hata hisabati na sayansi hufundishwa kwa Kihispania. Shule nyingine hugawa muda nusu kwa nusu tangu mwanzo. Nyingine huanza chekechea kwa Kihispania asilimia 90, kisha hukipunguza mwaka hadi mwaka mpaka lugha hizo zilingane kwenye madarasa ya juu ya msingi. Katika mpango huu wa pili, usishtuke mtoto akichelewa kusoma Kiingereza miaka ya mwanzo. Penye walimu wazuri, pengo hilo huzibika kadiri anavyokaribia kumaliza shule ya msingi.

Wahi mapema. Shule nyingi hazimpokei katika darasa la lugha mbili mtoto asiyejua Kihispania akishavuka darasa la kwanza au la pili, na mara nyingi nafasi hutolewa kwa bahati nasibu.

Jambo moja usilikubali: Kihispania kuchukua nafasi ya msaada wa Kiingereza. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba shule haziwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae darasani bila kuelewa. Basi uliza nani atamfundisha Kiingereza, na saa ngapi. Una haki ya kupewa mkalimani bila malipo. Usimfanye mtoto mkalimani wako.

Akifika shule ya kati

Darasa la 6 hadi la 8 ndipo wengi hukipoteza walichokipata, kwa sababu Kihispania hubaki kipindi kimoja tu. Omba aendelee kusoma angalau somo moja kamili, kama historia, kwa lugha hiyo. Anayeanza Kihispania kama somo la kawaida akiwa na miaka 12 hajachelewa. Kwa kuwa tayari anajua kusoma na anaelewa kanuni zikielezwa, mwanzoni huenda haraka kuliko mdogo wake. Mdogo humzidi matamshi.

Kiswahili kisitoke nyumbani

Hapa ndipo tunaposisitiza zaidi. Mtoto anayezungumza Kiswahili, kiwe cha Mombasa au cha Bukavu, anaingia darasa la Kihispania akiwa na mtaji. Irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa. Herufi ñ ni "ny" yetu. Kitenzi humbeba mtendaji ndani yake: *hablo* ni neno moja, kama "nasema". Kivumishi hufuata nomino na kukubaliana nayo: *libros bonitos*, vitabu vizuri. Mwenzake aliyekulia kwenye Kiingereza pekee huyatolea jasho haya. Wako ameyazoea kwenye ngeli. Yapo hata maneno ya ukoo mmoja kupitia Kiarabu, kama *azúcar* na sukari.

Kwa hiyo mtu akikushauri uache Kiswahili ili mtoto "asichanganyikiwe", mkatalie kwa heshima. Msimulie hadithi. Jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa kwenye sayansi. Akishindwa neno, mlitafute pamoja. Ufahamu alioujenga kwa lugha moja humsaidia katika nyingine.

Majimbo mengi hutoa nishani ya umahiri wa lugha mbili kwa wahitimu wa sekondari, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011. Pale wilaya ya shule inapokubali mtihani wa Kiswahili, mtoto anaweza kupimwa kwa lugha yenu pia. Mwulize mshauri wa wanafunzi angali darasa la 8, ili mpange masomo yake ya sekondari mkilijua hilo.