Maelezo ya Modeli Yasiyochakaa: Mwongozo kwa Mtunza Mfumo wa Ushirika Bonga

Bonga ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati, kando ya barabara iendayo Kondoa na Dodoma. Kwenye karatasi ni mji, kwa macho ni mashamba. Chukulia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, cha huko kimekuita utunze mfumo wake wa kupokea mahindi na mbaazi. Mfumo umeandikwa kwa Django, aliyeuandika amehamia kazi nyingine, na hati uliyokabidhiwa inasema jedwali la wakulima lina nyuga kumi na moja. Unafungua kanzidata, unakuta kumi na tisa.

Hati ya namna hiyo ina hatari zaidi kuliko kukosa hati kabisa, kwa sababu asiye na hati hukagua, mwenye hati huamini. Dawa si kuahidi kwamba safari hii utaiandika vizuri na kuihuisha kila Ijumaa, hutaihuisha. Dawa ni kuhamishia maelezo ndani ya modeli zenyewe, kuandika yale tu ambayo mashine haiwezi kuyajua, kisha kuifanya mashine ikatae mabadiliko yasiyo na maelezo.

Hatua ya 1: Pata ukweli wa sasa

Usianze kuandika. Endesha kwanza amri tatu:

```
python manage.py showmigrations
python manage.py makemigrations --check --dry-run
python manage.py inspectdb > kanzidata_ilivyo.py
```

Ya kwanza inaonyesha ni faili gani za mabadiliko ya majedwali zimeshatekelezwa. Ya pili inakuambia kama modeli zimebadilishwa bila mtu kutengeneza faili la mabadiliko. Ya tatu inasoma majedwali yalivyo na kukuandikia modeli kutokana nayo. Linganisha faili hilo na `models.py`. Tofauti utakazoziona, hasa safu iliyoongezwa kwa mkono usiku wa dharura, ndizo kazi yako ya mwanzo. Zimalize kabla ya hatua ya pili, la sivyo utakuwa unaeleza kitu kisichokuwepo.

Hatua ya 2: Amua usichoandika

Hapa ndipo hati nyingi hufia. Mtu anajaza kurasa kwa kueleza kwamba `jina` ni maandishi yenye urefu wa herufi 100. Hilo msimbo unalisema tayari, na siku urefu ukibadilika kuwa 150 hati inakuwa ya uongo. Aina ya data, urefu, kama uga unaruhusiwa kuwa mtupu, uhusiano wa jedwali na jedwali: yote hayo mwachie Django ayaseme. Wewe andika sababu, kipimo na historia. Mfumo wa mazao wa Babati una mifano ya kutosha.

Anza na namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na mtu makini anayeipitia modeli atashangaa kwa nini namba imehifadhiwa kama maandishi, pengine aamue kuisahihisha. Lakini `BigIntegerField` inaishia 9,223,372,036,854,775,807, yaani tarakimu 19. Namba ya NIDA haiingii. Sentensi moja ya maelezo inamwepusha mrithi wako na mchana mzima wa kuhangaika.

Kiasi cha mazao ni kigumu zaidi. Uga unaoitwa `kiasi` hauelezi chochote: ni kilo, debe au gunia? Na kama ni gunia, ni la kilo 100 au ni lumbesa, lile lililoshonewa kilemba juu ambalo Wakala wa Vipimo wamelipiga vita miaka nenda rudi? Ikiwa rekodi za zamani ziliingizwa kwa magunia, baadaye zikageuzwa kuwa kilo kwa kuzidisha na 100, basi takwimu hizo ni makadirio, na atakayechora grafu ya mavuno lazima alijue hilo.

Mkoa nao una mtego wake. Manyara, ambao ndio mkoa wa Babati leo, ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kadi za wanachama wa zamani zilizonakiliwa kama zilivyo zitasema Babati, Arusha, na hilo si kosa la karani. Maelezo yaseme wazi kama uga wa `mkoa` unabeba mkoa wa leo au ule ulioandikwa kwenye kadi. Vilevile `mtaa`: ndani ya halmashauri ya mji, kata za katikati zina mitaa, ilhali za pembezoni zinaweza kuwa na vijiji na vitongoji. Aliyetengeneza fomu akiwa Dar es Salaam akalazimisha `mtaa` kujazwa, atavuna uga uliojaa vistari na neno "hakuna".

Kuna pia `msimu`. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki shambani miezi kadhaa. Mzigo wa mbaazi unaofika ghalani mwaka 2025 ni wa msimu wa 2024/2025 au 2025/2026? Jibu lolote linafaa, mradi liandikwe.

Mwisho `bei`. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka huku kwetu. Katika soko la namna hiyo kuna wenye kuuza kwa bei ya kutupa na wenye kuweka mzigo ndani wakisubiri. Kwa hiyo bei tupu na bei sifuri si kitu kimoja: tupu maana yake mzigo haujauzwa, sifuri maana yake kuna aliyekosea kuandika. Kompyuta haiwezi kulijua hilo mpaka uiambie.

Hatua ya 3: Weka maelezo mahali pake

Django ina sehemu tatu za kuwekea, na kila moja ina msomaji wake. Maelezo yaliyo chini ya jina la darasa husomwa na mwandika programu. `help_text` huonekana na karani kwenye fomu, hivyo yaandikwe kwa Kiswahili cha ghalani, yasitaje majedwali. `db_comment`, pamoja na `db_table_comment` kwa jedwali zima, vilikuja na Django 4.2 mwaka 2023. Vyenyewe huandikwa ndani ya kanzidata, vikasomwa na mtakwimu anayeingia PostgreSQL moja kwa moja bila kugusa msimbo wako.

```
class Pokezi(models.Model):
    """Mzigo mmoja uliopimwa kwenye mizani ya ghala. Si mauzo."""

    kilo = models.DecimalField(
        max_digits=8,
        decimal_places=2,
        help_text="Uzito wa mizani, ukitoa uzito wa gunia.",
        db_comment="Kilo. Rekodi za magunia zilizidishwa na 100: makadirio.",
    )
```

Mambo mawili ya kuangalia. SQLite haihifadhi `db_comment`. Ukijaribia kwenye kompyuta yako kwa SQLite, hutayaona kwenye jedwali. Pili, ukibadilisha hata neno moja la `help_text`, Django atataka faili jipya la mabadiliko. Usikasirike. Mabadiliko ya `help_text` hayagusi jedwali, lakini yanaacha alama ya lini maelezo yalibadilika.

Hatua ya 4: Mpe mlinzi rungu

Bila hatua hii, zilizotangulia zitadumu msimu mmoja. Andika jaribio linalopita kila uga na kugoma likikuta usio na maelezo:

```
from django.apps import apps
from django.test import SimpleTestCase

class MaelezoYaModeli(SimpleTestCase):
    def test_kila_uga_una_maelezo(self):
        for modeli in apps.get_app_config("ushirika").get_models():
            for uga in modeli._meta.local_concrete_fields:
                if uga.auto_created:
                    continue
                with self.subTest(uga=str(uga)):
                    self.assertTrue(uga.db_comment)
```

Mara ya kwanza litakutolea orodha ndefu ya nyuga zisizo na maelezo. Usijaze zote siku hiyo, maana utaandika upuuzi kama "jina la mkulima" kwenye `jina` ili tu jaribio likae kimya. Tengeneza orodha ya nyuga zilizosamehewa, jaribio liziruke, na kanuni iwe moja: orodha inaruhusiwa kupungua, kuongezeka marufuku. Anza na nyuga za uzito, bei na msimu, kwa kuwa ndizo zinazogombanisha watu.

Jaribio hili na `makemigrations --check` viendeshwe kabla ya msimbo wowote kuunganishwa na tawi kuu. Kwa toleo la chini ya 4.2 usisahau `--dry-run`, kwani huko `--check` peke yake bado huandika faili.

Kuna watakaosema huu ni ukali. Mradi wa Django wenyewe, uliozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti huko Lawrence, Kansas, na kutolewa hadharani mwaka 2005, haupokei kipengele kipya kisicho na majaribio na maelezo. Ndiyo sababu hati zake husifiwa hata na wasioutumia.

Kwa kweli mashine haiwezi kupima kama maelezo yana akili. Hilo ni la mwenzako anayepitia mabadiliko, naye aulize swali moja tu: je, sentensi hii ingeweza kukisiwa kwa kutazama jina la uga? Kama ndiyo, irudi.

Hatua ya 5: Acha ukurasa ujitengeneze

Andika amri ndogo ya `manage.py` inayopita modeli zilezile na kutoa faili la Markdown: jedwali, uga, aina, maelezo. Faili likae ndani ya mradi, si kwenye tovuti ya mbali, ili siku mtandao ukikatika bado lisomeke na hata kuchapishwa. Kila ukaguzi ulitengeneze upya, kisha `git diff --exit-code` igome likitofautiana na lililohifadhiwa. Hakuna mtu anayelihariri kwa mkono.

Ukitaka mchoro, `graph_models` ya django-extensions inachora ikishirikiana na Graphviz. Chora modeli tano au sita zinazohusiana. Mchoro wa mfumo mzima haumsaidii mtu, hubandikwa ukutani tu.

Hatua ya 6: Historia iwe na majina

Faili la `0014_auto_20240311` halikumbukwi na mtu. Tumia `makemigrations -n kiasi_kuwa_kilo`, na juu ya faili andika mistari miwili: nani aliomba, kwa nini. Faili lililokwisha kutekelezwa ghalani usilibadilishe shughuli zake, tengeneza jipya.

Hatua ya 7: Wasomee wenye kazi

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu anayekusanya namba za NIDA na simu za wakulima. Katika `db_comment` za nyuga hizo anza na maneno TAARIFA BINAFSI, na amri ya hatua ya 5 izitoe katika orodha yake yenyewe, ili katibu wa chama akiulizwa wanatunza nini kuhusu wanachama awe na karatasi ya kuonyesha.

Kisha chapisha ukurasa mzima, uende nao kwa karani wa mizani kabla mzigo wa kwanza wa mbaazi haujafika. Msomee uga mmoja mmoja, umwache yeye akueleze anachokiandika pale kwa kweli. Pale atakaposema, "Hapo sisi huwa tunaweka namba ya gari," hutakuwa na la kurekebisha kwenye maelezo peke yake. Modeli inahitaji uga mpya, na jaribio la hatua ya 4 litakudai sentensi yake.