Nisome Kitabu Gani? Adabu za Kuulizana na Kuelekezana Vitabu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukurani zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.



UTANGULIZI

Kila mwaka, wanafunzi wanapohitimu Juzuu Amma au wanapokhitimu Msahafu, swali linalofuata huwa ni moja: "Ustadh, sasa nisome kitabu gani?" Ni swali dogo kwa kulisikia, lakini jibu lake laweza kumjenga mtu au kumvunja. Tunaanza somo hili kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Mwaka mmoja, baada ya mavuno ya alizeti, mzazi mmoja alitujia akiuliza kitabu cha kumfaa binti yake wa miaka 12, ili ajifunze tohara na swala. Tulimtajia kitabu kikubwa cha fiqhi. Tulikuwa tumekisikia kikisifiwa na watu, lakini sisi wenyewe hatukuwahi kukifungua. Mzee yule akauza gunia la alizeti, akampa fedha mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam. Kitabu kilipofika, kilikuwa cha Kiarabu kisicho na irabu, na kurasa zake zimejaa hitilafu za wanavyuoni katika kila mas-ala. Mtoto alikifungua siku tatu, siku ya nne akakiweka juu ya kabati.

Mzazi hakutugombeza. Alitwambia tu kwa upole, "Ustadh, labda mwanangu hana kichwa cha kusoma." Neno hilo lilituuma kuliko lawama. Mtoto hakuwa na upungufu wowote. Sisi ndio tuliosifia tusichokijua. Gunia la alizeti lilikwenda, na kibaya zaidi, mtoto alikaribia kuamini kuwa elimu si fungu lake.

Hivyo basi, katika somo hili tutajifunza mambo matatu: msingi wa kuulizana na kuelekezana katika dini, mifano ya waliotutangulia, na adabu zinazompasa anayeuliza na anayeelekeza.

1. MSINGI WAKE KATIKA DINI

Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume (s.a.w), mwanzoni mwa Suratul-Alaq, ilikuwa ni amri ya kusoma. Na katika Suratun-Nahl, aya ya 43, tunaagizwa kuwauliza wenye elimu pale ambapo hatujui. Kwa hiyo kusoma ni ibada, na kumuuliza anayejua ni sehemu ya ibada hiyo. Mwanafunzi asione haya kuuliza.

Ama kuelekeza, nako kuna fadhila kubwa. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Mas'ud al-Answari (r.a) kisa cha mtu aliyemjia Mtume (s.a.w) baada ya mnyama wake wa safari kushindwa kuendelea, akaomba apewe mwingine. Mtume (s.a.w) hakuwa naye. Sahaba mmoja akajitolea kumwelekeza kwa mtu atakayempa. Hapo Mtume (s.a.w) akabainisha kuwa mwenye kuelekeza kwenye kheri hupata ujira mfano wa yule aliyeitenda. Tazama, ndugu msomaji: sahaba yule hakutoa mnyama. Alitoa maelekezo tu, lakini alijua hasa kheri ilipo. Ndivyo alivyo anayemwonyesha mwenziwe kitabu chenye manufaa.

Lakini uelekezaji huu ni nasiha, na nasiha ni amana. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatufunza kuhakiki habari tunayoletewa kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sisi tulimdhuru mzee wa alizeti kwa namna hiyo hiyo.

2. WALIOTUTANGULIA

Wema waliotangulia walikuwa wakiulizana na kushauriana sana kuhusu vitabu. Tutaje mifano miwili.

Wa kwanza ni Imam Bukhari (194–256 A.H.). Siku moja alikuwa katika majlisi ya mwalimu wake, Is-haq bin Rahwayh. Katika mazungumzo likatajwa wazo kwamba ingefaa apatikane mtu wa kukusanya kitabu kifupi cha Hadith sahihi tupu. Wazo likaingia moyoni mwa Bukhari, naye akaifanya kazi hiyo kwa muda wa miaka 16. Sahihul-Bukhari, kitabu kinachotegemewa na umma mzima, mwanzo wake ni neno lililosemwa katika kikao cha wapenda elimu.

Wa pili ni Imam Ghazali (450–505 A.H.). Mwanafunzi wake mmoja alikuwa amesoma fani nyingi kwa miaka mingi, kisha akajiuliza: katika yote haya, ni lipi litakalonifaa kesho kaburini? Akamwandikia mwalimu wake. Jibu la Imam Ghazali likawa risala ndogo iitwayo Ayyuhal-Walad, yaani "Ewe Mtoto", na kiini chake ni kuwa elimu isiyotendewa kazi haimwokoi mwenyewe. Mafunzo yake kwetu ni kuwa swali zuri la mwanafunzi laweza kuzaa jibu litakalowafaa watu kwa zaidi ya miaka 900.

Aidha, masheikh wetu wa pwani waliweka ngazi ya vitabu ambayo ndiyo maelekezo yenyewe. Mwanafunzi wa madhehebu ya Shafii huanza na Safinatun-Najaa ya Sheikh Salim bin Sumeir al-Hadhrami, kitabu kidogo kinachobebeka mfukoni. Akikimaliza hupanda kwenye vitabu vikubwa zaidi, hadi afike kwenye Minhaj ya Imam Nawawi. Katika Hadith, huanza na Arbain ya Imam Nawawi, yenye Hadith 42, kabla ya kuifikia Riyadhus-Salihin ya mwanachuoni huyo huyo. Hakuna aliyepewa Minhaj siku ya kwanza. Walijua kuwa kitabu kizuri kikiletwa kabla ya wakati wake huwa mzigo.

3. MFANO WA TARJAMA ZA QUR'AN KWA KISWAHILI

Mfano huu unatuonyesha kwa nini ni lazima kuuliza kitabu kimeandikwa na nani na kwa lengo gani. Tarjama kamili ya Qur'an kwa Kiswahili iliyotangulia kuchapishwa ilitoka mwaka 1923. Mfasiri wake alikuwa Godfrey Dale, padri wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar. Mwaka 1953 ikatoka Nairobi tarjama ya Jumuiya ya Ahmadiyya. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hawakuridhika na tarjama hizo. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akaifanya kazi hiyo, na Qurani Takatifu yake ikatolewa kamili mwaka 1969 na Islamic Foundation ya Nairobi. Mwaka 1995 ikatoka tarjama ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani.

Hatutaji haya ili kumtukana mtu. Tunayataja kwa sababu vitabu vyote hivi juu ya jalada lake vimeandikwa Qur'an. Anayeagiza dukani kwa kusema "nataka tarjama ya Qur'an ya Kiswahili" hajasema lolote bado. Ni lazima ajue mfasiri ni nani, na amuulize mwalimu wake.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) naye alikuwa na jibu lake kwa tatizo hili. Aliona Waislamu wengi hawafikii vitabu vya Kiarabu, akaanza kuwaandikia kwa Kiswahili, kwanza katika gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932. Alimtazama msomaji alipo, akamfuata hapo hapo. Hili ndilo tulilolikosa kwa binti wa miaka 12.

4. ADABU ZA MWENYE KUULIZA

(a) Atakase nia. Asiulize kitabu ili aonekane msomi mbele ya wenzake.

(b) Aseme hasa anachokitafuta. "Nataka kitabu kizuri" si swali. "Nataka kujua namna ya kusujudu sijda ya kusahau, na Kiarabu changu ni kidogo" ni swali linalojibika.

(c) Ataje alichokwisha kusoma na alipokwamia, ili anayemjibu ajue aanzie wapi.

(d) Amuulize anayestahiki. Muhammad bin Sirin (aliyefariki mwaka 110 A.H.) alikuwa akiwaonya watu waangalie wanaichukua dini yao kwa nani. Uzuri wa jalada na maneno ya muuzaji wa stendi havitoshi.

(e) Arudishe jibu. Akikisoma kitabu, amweleze aliyemwelekeza kama kilimfaa au la. Mzee wa alizeti asingerudi kwetu, tungeendelea kuwatajia wengine kitabu kile kile.

5. ADABU ZA MWENYE KUELEKEZA

(a) Asisifie kitabu asichokisoma. Kama amekisikia tu, aseme: "Nimekisikia kikisifiwa, lakini sijakisoma." Hakuna aibu katika maneno hayo.

(b) Amtazame muulizaji, si yeye mwenyewe. Kitabu kilichomfaa ustadh katika utu uzima wake si lazima kimfae mtoto wa darasa la tano.

(c) Ataje uzito wa kitabu pamoja na uzuri wake: lugha yake, ukubwa wake, na bei yake. Kwa familia inayoishi kwa alizeti na uwele, bei ni sehemu ya nasiha.

(d) Asimdharau anayeuliza kitabu chepesi. Aliye kwenye Safina leo huenda kesho akawa mwalimu wa Minhaj.

(e) Asiwafungie wanafunzi mlango wa elimu nyingine zenye manufaa. Mwanafunzi anayetaka kukuza Kiswahili chake aelekezwe, kwa mfano, kwenye Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951 na kinachozungumzia haki na dhuluma. Na mwenye kupenda kilimo, apewe kitabu cha kilimo.

6. DAFTARI LA VITABU

Baada ya kosa lile, tulinunua daftari moja la kaunta tukaliweka darasani. Mwanafunzi anayemaliza kitabu huandika mambo matano: jina la kitabu na mwandishi wake, kinamfaa nani, amefaidika nini, wapi ni pagumu, na kitabu chenyewe kiko kwa nani. Kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri husomwa kurasa mbili, na mwenye swali huuliza. Ustadh husahihisha palipo na makosa.

Tunawaomba wazazi mfanye mfano wa haya majumbani. Kitabu kimoja kinachozunguka nyumba tano ni vitabu vitano. Lakini cha kuazima ni amana: kirudi kwa wakati, kisichanwe, kisiandikwe, na kisiwekwe jikoni penye moshi na mafuta.

HITIMISHO

Yule binti hatukumwacha. Tulimwomba radhi baba yake, tukaanza na mtoto Safina, mas-ala moja kwa siku, tukimfasiria kwa Kiswahili. Alimaliza. Sasa yeye ndiye anayewasomesha wadogo zake nguzo za udhu, na katika daftari letu ameandika kuhusu Safina, sehemu ya kinamfaa nani: "Kinamfaa anayedhani hana kichwa cha kusoma." Kitabu kikubwa bado kiko juu ya kabati, kinamsubiri. Inshaallah atakifikia.

Tunamuomba Allah (s.w) atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe waelekezaji wa kheri. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kisa kilichopokewa kutoka kwa Abu Mas'ud (r.a). Kinahusianaje na kuelekezana vitabu?
2. Kwa nini haitoshi kuagiza "tarjama ya Qur'an ya Kiswahili" bila kumtaja mfasiri?
3. Taja adabu tatu za mwenye kuuliza na tatu za mwenye kuelekeza.
4. Chagua kitabu kimoja ulichokimaliza mwaka huu. Kiandikie mambo matano ya Daftari la Vitabu, kisha msomee mzazi wako.

Wabillahi tawfiq.