Uziwi wa Sikio la Ndani: Asili Yake na Madhara Yake

Sauti iingiapo sikioni hutikisa kiwambo cha sikio. Mtikiso huo hupokewa na vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, navyo huufikisha katika koklea, mfereji uliojaa maji na kujiviringa mfano wa kombe la konokono. Humo zimo seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Vinyweleo vikiinama, seli hutoa ishara ambazo neva ya kusikia huzipeleka kwenye ubongo.

Nta ikiziba njia ya nje, au usaha ukijaa sikio la kati, sauti hufifia njiani. Hali hiyo mara nyingi hutibika. Lakini seli zenye vinyweleo zikifa, uziwi huwa wa kudumu, kwani kwa binadamu hazioti tena. Katika jambo hili kuku ametuzidi: zake huota upya.

Asili zake kubwa ni hizi:

(a) Kelele. Desibeli 85 kwa saa 8 kila siku ndio mpaka unaokubalika kazini. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu.

(b) Maradhi, kama vile homa ya uti wa mgongo, surua na matumbwitumbwi. Rubela ikimpata mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto tumboni.

(c) Dawa. Streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943, iliokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Lakini huweza kudhuru koklea na pia kiungo cha mizani ya mwili, hata mgonjwa akapepesuka.

(d) Urithi na uzee.

Kwa kawaida sauti nyembamba hupotea kwanza, zikiwamo s na f. Mgonjwa hujua kuwa anasemeshwa, ila hatofautishi "sisi" na "fisi". Wengine husikia mlio usiokoma. Mtoto mchanga asiyesikia hachelewi kusikia tu, bali huchelewa kusema. Na mwanafunzi wa namna hiyo huweza kudhaniwa mzito au mkaidi, kumbe masikio ndiyo yaliyomsaliti. Mwalimu na amketishe mbele, azungumze akimtazama, na kumpeleka apimwe mapema.

Maswali

1. Kelele za desibeli 91 zivumiliwe kwa saa ngapi kwa siku?

2. Ziba sikio moja kwa kidole, kisha vumisha "mmm" mdomo ukiwa umefumbwa. Sauti yasikika zaidi upande upi? Je, jaribio hili lafanana na uziwi upi kati ya aina mbili zilizotajwa?